Orodha Niliyoipanga kwa Uzito

Kosa langu la mapema kabisa Stockholm lilikuwa taarifa ya kurasa saba. Niliiandika siku ya kumi na tisa tangu nifike, kwa wino mweusi, bila kufuta hata neno moja, na katika ukurasa wa tano nilipendekeza machinjio ya mji wetu yaanze kuchinja punda. Kurasa mbili nilizinakili upya kwa sababu mstari wa jedwali ulikuwa umepinda. Pendekezo lenyewe sikulifikiria mara ya pili. Wapo watu huku nyumbani ambao bado wananiuliza jambo lile lilianzia wapi, na mimi hujibu nusu nusu halafu nikabadilisha mazungumzo. Safari hii nalieleza lote, tangu siku ya kuondoka hadi ya kurudi.

Nilipelekwa Ulaya kwa sababu ya mwandiko. Mwishoni mwa mwaka wa sabini na mbili nilikuwa msaidizi wa mkaguzi wa nyama katika mji wetu mdogo wa reli huku Ugogo. Shule niliachia darasa la nane. Kazi nilijifunza mwenyewe kutoka kitabu cha ukaguzi ambacho daktari wa mifugo mmoja alikiacha alipohama. Kilikuwa kimeliwa na mchwa upande mmoja, nikakinakili chote kwa mkono, kisha nikainakili nakala yangu kwa sababu ya kwanza ilikuwa na madoa. Nafasi moja ya mafunzo Sweden ilipotokea, meneja wetu, Ndugu Mlewa, aliweka daftari langu la ukaguzi mezani kwa wakubwa, wakalipitia.

"Elia," aliniambia, "wamesema hata mzungu hawezi kuandika hivi. Nenda ukatuletee kitu kipya. Usirudi na picha za theluji tu."

Maneno hayo, kitu kipya, niliondoka nayo kama mtu aliyepewa dawa ameze kila siku.

Asubuhi ya kuondoka, mama mdogo Yudita alitembea kutoka kijijini hadi stesheni na punda wake, Chausiku, mwenye madebe manne ya maji mgongoni, kwa kuwa kisima kilikuwa njiani na yeye si mtu wa kusafiri mikono mitupu. Ndiye aliyenilea. Alinipa karanga kwenye kitambaa, akasema, "Huko ukiogopa, usijifungie. Wewe ukiogopa unajifungia unaanza kuandika." Treni ilipoondoka nilimwangalia Chausiku zaidi kuliko mama mdogo, maana mama mdogo alikuwa analia na sikutaka kumwona.

Stockholm nilifika mwezi wa Januari, saa nane mchana, jua likiwa tayari linaaga. Nilikuwa na koti la mtumba lililonifika magotini na viatu vyenye soli ya raba iliyogeuka ngumu kama ubao. Nilianguka mara mbili kabla ya kufika kwenye basi. Mara ya pili niliinuka nikatazama kama kuna aliyeniona. Walioniona walitazama pembeni kwa heshima, na hiyo iliniuma zaidi.

Spånga ndiko nilikopangiwa kuishi, kwenye nyumba ya mbao ya rangi ya njano, na mjane mmoja aliyeitwa Bi Greta. Kituo cha treni kilikuwa mwendo wa dakika kumi na mbili. Nilizipima siku ya kwanza na kila siku baada ya hapo. Bi Greta alikuwa mwanamke mrefu, asiyesema sana, aliyenionyesha mahali pa kuacha viatu kabla hajanionyesha chumba. Ukutani mwa ukumbi wake, mahali ambapo mtu mwingine angetundika picha ya harusi, palining'inia hatamu kuukuu ya farasi, ya ngozi, iliyong'arishwa. Marehemu mumewe alikuwa mwendesha mkokoteni wa farasi mjini wakati magari yalipokuwa machache. Nilidhani ni pambo. Jumamosi moja nilijitolea kuifuta vumbi, akanishika mkono taratibu akasema, "Hiyo naifuta mwenyewe."

Asubuhi nilipanda treni hadi katikati ya mji, kisha treni ya chini ya ardhi kuelekea kusini, mpaka mtaa wa machinjio. Kampuni niliyopangiwa ilikuwa ndogo, na ilishughulikia farasi. Hilo sikuwa nimeambiwa. Siku ya pili kazini, wiki ya tatu tangu nifike, niliona kichwa kirefu kikitazama juu ya ubao wa zizi, nikadhani labda ni mnyama wa kuvutia mizigo wa hapo. Msimamizi wetu, Bengt, mtu mnene mwenye sauti ya chini, alinicheka.

"Unafikiri tunamfuga? Umeshamla wewe. Jana saa ya chakula ulikula vipande vinne."

Ilikuwa kweli. Zile nyama nyembamba za kuvuta moshi walizoweka juu ya mkate, nyekundu, zenye chumvi, nilizipenda sana. Sisi tuliotoka nyumbani wote tulizipenda, kwa sababu kila kitu kingine kwenye duka kilikuwa nguruwe, na mwenzangu Shabani hakugusa nguruwe. Shabani alikuwa kijana wa Tanga aliyekuja kusomea mitambo ya simu, na alikaa Vårby gård, kwenye maghorofa mapya. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa uhakika wa mtu aliyesoma maandishi kwenye pakiti, kuwa hii si nguruwe, ale tu. Wiki mbili alikula. Nilipomweleza ni nini hasa, aliendelea kutafuna.

"Farasi," akasema. "Elia, wewe ni mkaguzi wa nyama."

"Msaidizi."

"Msaidizi. Umenilisha mnyama wa vita wa Mtume wiki mbili, na muhuri umepiga mwenyewe." Akameza. "Haya, kwenye farasi mashehe wanabishana. Mimi nitakuwa upande wa wanaoruhusu mpaka mkate huu uishe. Kesho nitatubu."

Tulicheka. Na katika kicheko hicho, ndipo wazo la punda liliponijia. Nilikuwa na siku kumi na tisa, na nilikuwa naogopa kurudi bila kitu kipya. Niliona watu wenye akili, wenye treni zinazofika kwa dakika, wakimla mnyama wa kazi akishazeeka. Na huko kwetu mvua zilikuwa zinasuasua na ng'ombe wanakonda. Nikajifungia chumbani kwa Bi Greta nikaandika. Nilikadiria uzito wa punda kwa kumkumbuka Chausiku. Ndiyo, huyo huyo. Nilimvuta akilini, nikampima kifua na mgongo, nikapiga hesabu ya nyama. Katika kurasa saba sikuandika mahali popote punda anafanya nini mchana kutwa.

Mwezi wa Aprili jibu lilifika. Ndugu Mlewa alisema taarifa imesomwa kwenye kamati na haikuulizwa swali hata moja, kwa jinsi ilivyokuwa safi. Nililibandika jibu lile juu ya meza yangu. Ninaona aibu kusema kuwa kila nilipokuwa na huzuni nililisoma.

Majira ya joto yalipita, yenye mwanga usiokwisha na watu waliolala kwenye nyasi kama waliopona ugonjwa. Mimi nilikuwa napanga. Kazi yangu pale ilikuwa kuandika orodha ya kila siku, farasi yupi anaingia baada ya yupi. Waliipanga ovyo, niliona, kwa jinsi wanyama walivyofika. Nikapendekeza ipangwe kwa uzito, mkubwa mbele, ili minyororo ya kuinulia isirekebishwe kila mara. Bengt aliijaribu wiki moja, akaona nusu saa inaokolewa kila siku, akanipiga begani. "Ungezaliwa Mswidi," alisema. Usiku huo nililala vizuri kuliko siku yoyote Ulaya.

Novemba, siku ya Ijumaa, mzee mmoja aliyeitwa Arvid alikuja na lori kutoka misitu ya kaskazini magharibi. Alileta farasi wawili waliokuwa wakivuta magogo pamoja kwa miaka kumi na mmoja: dume aliyehasiwa, Brunte, wa rangi ya kahawia, na jike mweusi, Svarta. Kijiji kizima kilikuwa kimeshanunua matrekta. Yeye alikuwa wa mwisho. Aliwashusha mwenyewe, akawafunga kwenye zizi, akaenda kusimama uani kwenye baridi na kofia mkononi. Niliwapima. Brunte alikuwa mzito kuliko wote waliosalia siku ile, Svarta mwepesi kuliko wote. Nikawaandika walipostahili, Brunte juu na Svarta chini, na kati yao farasi watatu wa mtu mwingine.

Saa tisa alasiri daktari wa mifugo alivua koti lake jeupe akaondoka. Bila yeye hakuna mnyama anayechinjwa; ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Siku ile msumeno ulikuwa umekwama, tukachelewa. Walikuwa wameingia wanne. Svarta alibaki.

Nilitoka nje na daftari langu. Arvid alikuwa bado amesimama pale pale, na mkononi alishika hatamu moja.

"Ya pili?" aliniuliza.

"Jumatatu," nilimwambia. "Saa moja asubuhi. Yeye ndiye wa kwanza."

Aliniangalia kama mtu anayesubiri maneno mengine. Kisha akamwangalia Bengt aliyekuwa anakuja nyuma yangu akifuta mikono, na nikamwona Bengt akibadilika uso.

"Nani amewatenganisha?" Bengt aliuliza.

"Ni uzito," nilisema. "Tulikubaliana."

"Jozi hazitenganishwi, Elias." Aliniita hivyo, Elias, kama wote pale. "Jozi huingia mmoja nyuma ya mwenzake, mlango haufungwi katikati. Mwenye mali anaondoka na hatamu zote mbili. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu asiyejua. Ni desturi ambayo haiandikwi, na mimi ni mtu wa vilivyoandikwa. Miezi yote ile walikuja farasi mmoja mmoja, wa mbio na wa kupanda. Jozi ya kazi ilikuwa imeshakuwa adimu.

Ndani ya zizi Svarta aliita. Wengi wenu hamjasikia farasi akiita mwenzake. Huanza juu, kama mlango wenye bawaba kavu, kisha hushuka na kutetemeka hadi kwenye mbavu zake mwenyewe. Halafu hunyamaza na kusimamisha masikio. Kunyamaza kule ndiko kubaya, kwa maana anasubiri jibu.

Arvid alikuwa na ng'ombe wa kukamua nyumbani, safari ya saa sita, na lori alikuwa ameliazima. Alinikabili mimi, hakumkabili Bengt.

"Wewe ndiye uliyeandika orodha?"

"Ndiyo, Bwana."

"Basi utakaa naye. Kesho na keshokutwa. Jumatatu utamwingiza wewe, na hatamu utaivua wewe, unitumie kwa posta. Anapenda kushikwa hapa." Alijigusa nyuma ya sikio lake mwenyewe. Akapanda lori.

Jumamosi asubuhi nilifika kabla hakujapambazuka sawasawa, na Stockholm mwezi wa Novemba hupambazuka kama saa mbili. Svarta hakuwa amegusa nyasi wala maji. Ndoo ilikuwa na barafu nyembamba juu. Nikaivunja, nikaleta maji ya uvuguvugu, nikaongeza chumvi kidogo kama nilivyosoma. Aliweka pua juu ya maji akaiondoa. Kila mara kilipopita kitu nje, baiskeli, mkokoteni wa takataka, aliinua kichwa na kuita. Nilimshika nyuma ya sikio. Aliegemeza kichwa kizima begani kwangu, uzito wa gunia, na nilisimama hivyo mpaka mguu ukafa ganzi kwa sababu niliogopa kwamba nikisogea atajua kuwa mimi si Brunte.

Ninataka kuwa mkweli kuhusu nilichofikiria. Mwanzo nilifikiria jina langu. Nilifikiria Bengt ataandika nini kwenye ripoti yangu ya mafunzo. Saa nyingi zilipita kabla mawazo yangu hayajamfikia Svarta.

Mchana nilikwenda Vårby gård, kwa kuwa Shabani alikuwa na zamu yake ya chumba cha kufulia na kule ndiko alikopokelea wageni. Kwenye maghorofa yale kila mpangaji ana saa yake iliyoandikwa kwenye orodha ukutani, na Shabani husema Mswidi atakusamehe vita, hatakusamehe ukimwingilia saa yake ya kufua. Nilikaa juu ya kapu la nguo nikamweleza yote. Mashine zilizunguka.

"Sasa unataka nini?" aliuliza. "Asichinjwe?"

"Nataka hivyo."

"Na ng'ombe je? Mbuzi wa Idi? Mwenzangu, wewe kazi yako ni nyama."

"Ng'ombe hatukumwambia nivutie gogo miaka kumi na mmoja kisha nikule."

"Kwetu Tanga tunalima naye na tunamla," Shabani alisema. Alikunja shati polepole. Hakuwa ananikejeli tena. "Lakini nakuelewa. Kuna mnyama ukimla ni kama umemla mfanyakazi mwenzako. Sijui mpaka uko wapi. Ila wewe hukuuliza kama upo. Hilo ndilo linalokusumbua."

Kisha akaniuliza, huku akipanga soksi, "Na ile taarifa yako ya punda, iliishia wapi?"

Nilikuwa nimekaa na swali hilo tangu Ijumaa bila kuligusa.

Jumapili nilikwenda tena zizini asubuhi, na Svarta alikuwa amekunywa nusu ndoo, na nikashangilia kama mtoto. Ndipo nikapata wazo la kumwokoa. Nilirudi Spånga mbio, nikamwomba Bi Greta simu. Yeye alizungumza kwanza, kwa sababu Kiswidi changu cha kitabuni kilikuwa kigumu kwenye simu, kisha akanipa mkonga wa simu.

"Bwana Arvid," nilisema, "amekunywa maji. Hajaingia bado. Anaweza kurudi nyumbani."

Nilisikia saa ya ukutani kwake.

"Kurudi kwa nani?" alisema. "Farasi wa jozi hakai peke yake zizini. Ataita mpaka afe. Ningeweza kuwaweka wote wawili. Mmoja siwezi." Kisha akasema, bila ukali, "Wakiwa wawili ningeweza hata Ijumaa kuamua kurudi nao. Nilisimama pale uani nikilifikiria. Ulipomwita Brunte aingie nikaacha kufikiri."

Nilirudisha simu mahali pake kwa uangalifu sana. Bi Greta alikuwa amesimama ukumbini chini ya ile hatamu. Aliniambia kuwa mumewe mwaka wa mwisho wa kazi alimpeleka farasi wao kule kule kusini, akarudi na hatamu, akaitundika pale, na tangu siku hiyo nyama ile haikuingia jikoni mwao. "Hakunikataza," alisema. "Aliacha tu kuikata. Nilidhani ni jambo la wazee, litapita."

"Watu wataacha kuila?" nilimuuliza.

"Wapo wanaoandika barua magazetini. Lakini mkate wa asubuhi ni mkate wa asubuhi."

Jumatatu, saa moja. Daktari wa mifugo alikuja, akavaa koti jeupe. Nilimfungua Svarta nikamwongoza. Mlangoni alisimama, akashusha pua hadi sakafuni, mahali palipooshwa kwa maji na sabuni tangu Ijumaa, akapanusa kwa muda mrefu. Kisha akaita, mara moja, kwa sauti ndogo, akaingia mwenyewe bila kuvutwa. Nadhani alifikiri Brunte yuko ndani. Nilimshika nyuma ya sikio mpaka Bengt aliponiambia niondoe mkono. Ilikuwa fupi, Bengt alikuwa fundi, na bastola ya machinjio haikosei. Nilivua hatamu ikiwa bado na joto.

Saa ya kahawa Bengt alikaa karibu nami. Hakunilaumu, na hiyo pia sikujua niifanyie nini. "Haya mambo yataisha," alisema, "ila si kwa huruma. Farasi wa kazi wanakwisha. Tukimaliza hawa tutafunga, watu watasema tumestaarabika." Alisukuma sahani ya mkate upande wangu, akaona kilichokuwa juu yake, akairudisha.

Jioni hiyo niliifungasha hatamu kwa karatasi nikaipeleka posta. Arvid hakujibu. Kisha nikaandika taarifa ya pili kwa Ndugu Mlewa. Ilikuwa na kurasa tatu, yenye mistari iliyokatwa na doa moja la wino, na sikuinakili upya. Nilisema pendekezo la punda lifutwe. Nilieleza kuhusu Svarta. Nilieleza kuhusu maji ya vijijini kwetu na nani anayeyabeba. Niliituma siku hiyo hiyo.

Januari jibu lilifika, nikiwa nafungasha. "Ndugu Elia," aliandika, "taarifa yako ya kwanza ilikuwa na majedwali. Hii ya pili ina huzuni. Kamati haiwezi kufanya kazi na huzuni. Zoezi limekwishaanza na linaendelea vizuri. Karibu nyumbani."

Bi Greta alinisindikiza hadi kituo cha treni Spånga, dakika kumi na mbili. Aliniambia niandike barua. Shabani alikuja uwanja wa ndege na mkate wa kitu kisichojulikana, akasema, "Huu ni wa jibini. Nimeuliza mara tatu." Tulicheka kidogo, tukaagana.

Nyumbani nilishuka stesheni mwezi wa Februari. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa ukavu, kama theluji chafu. Kutoka stesheni hadi machinjio ni hatua chache, nikaenda na begi langu. Uani walikuwa punda tisa wamefungwa kwa mstari, na ukutani palibandikwa orodha. Walikuwa wamepangwa kwa uzito, mkubwa mbele. Nilikuwa nimewaandikia hivyo katika barua ya mwezi wa Agosti, kwa kujisifu, na nilikuwa nimesahau.

Kijijini nilimkuta mama mdogo anateremka kutoka kisimani na debe kichwani, akiwa na kata ya majani iliyokwishasagika. Hakuweka debe chini kunisalimia. Angeliweka, nani angemtwisha tena? Aliniambia Chausiku aliuzwa na baba mdogo mwezi wa Oktoba, wakati mahindi yalipokwisha na machinjio yalipotangaza kuwa yanapokea. Hata kabla ya Svarta, basi. Nilitembea nyuma yake nimebeba begi lenye daftari safi, na maji yaliyomwagika kutoka kwenye debe yalinirukia viatuni.

Wiki ile nilikabidhiwa muhuri wa ukaguzi. Mkaguzi wa zamani alikuwa amestaafu, mimi ndiye niliyerudi na cheti, na bila muhuri nyama haitoki. Jumatatu niliipiga muhuri nyama ya ng'ombe wawili na ya mbuzi. Ya punda sikuipiga. Ndugu Mlewa aliniita ofisini akafunga mlango.

"Ana ugonjwa?"

"Hana."

"Basi kwa nini hupigi?"

"Sitapiga, Ndugu Meneja. Wala kesho."

Alikuwa mtu mwema aliyekuwa amepata kitu kipya. "Wewe ndiye uliyeandika," alisema.

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Kamati ilikaa Alhamisi, chini ya bati la mnada, na kwa kuwa habari zilikuwa zimeenea, wanawake wa vijiji vitatu walikuja wakakaa chini pembeni na madebe yao. Niliulizwa nieleze. Nilikuwa nimeandaa karatasi, nikaiweka mezani bila kuisoma. Nilisema niliandika ile taarifa nikiwa na siku kumi na tisa katika nchi ya watu, nikiogopa kurudi mikono mitupu. Nilimpima punda wa nyumba yangu kwa kumkumbuka, na sikumuuliza mwenye punda. Mwenyekiti akasema nyama ya punda imesaidia hospitali na jela wakati wa njaa, na hilo ni kweli, ilisaidia.

Mama mdogo Yudita alijibu, akiwa amekaa, bila kuomba nafasi. "Mwanangu ni mjuzi wa kupima," alisema. "Alipima nyama ya Chausiku. Maji yake aliyapima?" Watu wengine walicheka, kisha wakaacha. "Madebe manne asubuhi, manne jioni. Njaa ile mmekula mara moja. Maji nayatwaa kila siku."

Kamati haikusema nilikuwa sahihi. Ilisema zoezi lisimame mpaka utafiti ufanyike, na utafiti haukufanyika. Kwa kukataa amri ya meneja niliondolewa kwenye ukaguzi nikapelekwa ghala la ngozi, ambako niko mpaka sasa. Barua ya Bi Greta ya mwaka uliofuata ilisema kampuni ya Bengt imefunga, kwa sababu ile ile aliyoitaja, na kwamba nyama nyembamba bado iko madukani, inatoka kwingine.

Machinjio yetu hayapokei punda tena. Mimi sipangi orodha yoyote, hata ya ngozi, kabla sijauliza wanyama wametoka kwa nani na wamekuja na nani. Mama mdogo hakupata punda mwingine. Jumamosi namchotea maji mimi, madebe mawili, ndiyo ninayoweza.